Rupia Niliyoisugua

Newala, alasiri, kesho unasafiri

Daudi mwanangu,

Ningeanza kwa kukuuliza hali, kama barua zinavyotaka, lakini hali yako naijua. Leo asubuhi nimekuona ukimaliza sahani nzima ya mihogo, ukalamba na kidole. Sasa hivi umekwenda Tandahimba kumuaga shangazi yako, na namjua, hatakuachia mapema. Nimefunika cherehani, nimemfukuza kuku juu ya meza ya kukatia vitambaa, nimekaa kukuandikia. Sitasema habari za blanketi, wala dawa ya mbu, wala baridi ya Arusha. Hayo baba yako anayasema tangu Jumatatu na masikio yangu mimi yamechoka, sembuse yako.

Nataka kukuambia habari za kopo.

Lile kopo la maziwa ya unga lililomo ndani ya begi lako, chini ya shati la bluu, ulilolizungushia kanga yangu kuukuu. Jana ulipokuwa ukiliweka ulilishika kwa mikono miwili, kwa adabu, mtu angedhani ni yai. Nilikuwa mlangoni nakutazama, nikasikia kichefuchefu. Sipambi maneno. Nilikwenda nyuma ya jiko nikatema mate mpaka koo likakauka, na wewe ukapaza sauti ukauliza, "Mama, unaumwa?" Nikasema ni moshi. Hakukuwa na moto.

Mimi ni mtu wa kinyaa, hilo unalijua. Umenicheka mara ngapi kwa kuosha sufuria lililokwisha oshwa? Kinyaa hicho nilikitoa kwetu Lupaso. Mama yangu mzazi ndiye aliyekuwa akitunza vyombo vya kanisa: kikombe cha Ushirika na sahani yake, vinara vya shaba, chetezo cha ubani. Kila Jumamosi alituketisha chini, mimi na dada zangu, majivu huku, ndimu huku, tukasugua mpaka tuone nyuso zetu ndani ya kikombe. Akikuta weusi hata kwenye mkunjo mdogo wa kinara, alikuwa akisema, "Huu ni ukoga, na Mungu ana pua." Ukoga ni ule uchafu wa meno ya mtu asiyepiga mswaki. Kwa mama, chochote kilichoganda juu ya kitu kikakifubaza kilikuwa ukoga. Nikakua hivyo. Kinachong'aa ni safi, kilichofifia ni kichafu, na mwenye kitu kichafu hakulelewa. Nikaolewa, nikapanda huku Newala, nikaja na imani hiyo pamoja na cherehani.

Hujapata kunisikia nikimtaja Bibi Somoe wa Makote. Sikumtaja makusudi. Ulikuwa bado unanyonya alipokuja kwangu na kaniki, ile nguo nyeusi ya wanawake wa zamani, imechanika katikati. Ilikuwa ya marehemu mama yake. Alitaka niiunge tu, apate kujifunika. Nilipoigeuza ili nianze kushona, nikagusa kitu kigumu ndani ya pindo. Nikalifumua kwa wembe. Ikaanguka mezani rupia ya Mdachi, ile yenye mfalme aliyevaa kofia yenye ndege juu.

Nikuambie ilivyokuwa, maana leo naweza. Ukingoni ilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Kadiri ulivyoingia ndani chai ile iligeuka zambarau, na zambarau ikaishia kwenye bluu shavuni mwa yule mfalme. Na juu ya rangi zote, ukiiinamisha kwenye mwanga, kulikuwa na mistari myembamba iliyokatana, nyuzi kwa nyuzi. Kaniki ilikuwa imejichapa kwenye fedha. Miaka yote ile nguo na rupia vimelala pamoja, jasho na mvua na kufuliwa, mpaka kimoja kikaacha alama yake juu ya mwenzake.

Hayo nayaona leo. Siku ile niliona ukoga.

Ulikuwa msimu wa korosho, mabibo yamejaa uani, mengine yamepasuka, inzi wamejaa. Nikakamua mabibo mawili ndani ya bakuli, nikachanganya na majivu, nikasugua rupia ya watu kwa kitambaa cha gunia. Unajua maji ya bibo yakidondokea nguo doa halitoki mpaka nguo inazikwa. Maji hayo hayo yalimaliza rangi ile kabla chai yangu haijapoa. Ikang'aa. Nikaifurahia, Daudi! Niliimba hata wimbo wa Pasaka.

Kesho yake bibi akaja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mama Daudi. Nguo yangu imepona?"

"Imepona, na nimekufanyia na jambo jingine. Hebu fungua mkono."

Akafungua. Akaisogeza rupia karibu na jicho lake lililo zima, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Hii ya nani?"

"Yako, bibi. Ilikuwa na ukoga, nimeisafisha."

"Mimi nangu siijui hii." Akapitisha kidole gumba juu yake taratibu. "Mama aliishona humo mimi sijavunja ungo. Tangu amekufa, nikimkumbuka nilikuwa nafumua pindo, naitazama, naiona nguo yake imo mle ndani ya fedha. Halafu naishona tena." Akafunga mkono. "Wewe umemwosha mama yangu, Mama Daudi. Umemwosha akaondoka."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepata cha kujibu. Alikunja kaniki yake, akaondoka, na mimi, mama yako unayemsifu kwa watu, nilibetua mdomo nikasema peke yangu, "Nyoo! Tenda wema uone." Nilikasirika siku nzima. Nikasema wazee wa Makote hawana shukrani.

Ilinichukua miaka kujua nilichofanya, na aliyenijulisha hakuwa malaika. Alikuwa mnunuzi mmoja wa sarafu za kale aliyepanga chumba karibu na stendi ya Masasi. Mtu mchafu sana. Alikuwa akichokonoa meno kwa ukucha, halafu kwa ukucha huo huo anageuza sarafu za watu. Nilimpelekea shilingi nne za simba, zile za enzi za Mwingereza, nilizozipata kwa wateja, nimezisugua mpaka zinamulika. Akazitazama, akauvuta uso kama mtu aliyeonjeshwa shubiri.

"Mama, nani kazifanyia ukatili huu?"

Akanifungulia kijisanduku chake, akanipa lenzi. Ndipo nikaona. Bluu ile, zambarau ile, ukingo ule wa rangi ya chai. Akaniambia fedha ikiachwa itulie, ndani ya karatasi, ndani ya mbao, ndani ya nguo, hujivika rangi yenyewe, na hakuna mikono ya mtu inayoweza kuiharakisha. Ikisuguliwa imekwisha, hairudi. Watu wanavuka bahari kutafuta rangi hiyo. Nikamrudishia lenzi yake, nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi la wauza karanga. Bibi Somoe akanijia mbele ya macho, na kidole chake.

Tangu hapo ndipo nilipoanza kukusanya sarafu za kale. Hilo unalikumbuka, tulikuwa wote. Nilipata ndani ya mapindo, ndani ya vibuyu, nyingine ndani ya mguu wa kitanda uliochimbwa tundu. Ulikuwa unashika taa, mimi nashika lenzi, na nilikuwa nakuambia, "Tazama, usiguse kwa tumbo la kidole, shika ukingo." Miaka ile ilikuwa safi. Naomba uiweke kando na haya nitakayoyasema, kama utaweza.

Niliiharibu mwenyewe. Niliacha hereni zangu za fedha kwenye dirisha la stoo, pale baba yako anapoweka mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho. Nilipozikumbuka baada ya wiki kadhaa, zimekuwa za dhahabu upande mmoja na zambarau upande wa pili. Nikasema, basi, nimepata dawa ya Bibi Somoe.

Nikaenda Makote, nikamwomba ile rupia, nikamwambia nataka kuirekebisha. Akanipa. Nikaiweka stoo, juu ya unga wa salfa wenyewe, nikaifunika na bakuli. Ilipoiva nikampelekea. Nilikuwa nimeifunga kwenye kipande kipya cha kaniki, nikijiona mwerevu. Safari hii hakuisogeza jichoni. Aliipeleka puani.

"Mama Daudi," akasema, "mama yangu hakuwa na mikorosho."

Akaishusha kutoka puani.

"Hii inanuka shamba la mumeo. Kaa nayo wewe."

Akaniwekea mkononi, akanifunga vidole kimoja kimoja, kwa upole, jinsi unavyomfunga mtoto vidole asidondoshe. Alifariki kabla ya masika yaliyofuata. Nilikwenda mazikoni, nikakaa nyuma kabisa. Wakati wa kuweka udongo sikunyanyuka.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Ninachokuandikia ni kwamba sikuishia. Yule mnunuzi wa Masasi alipita Newala, akaiona rupia juu ya meza yangu ya kukatia, macho yakamtoka. "Rangi ya asili hii! Umeipata wapi?" Nikamjibu, "Makote." Basi. Neno moja, na lilikuwa la kweli. Nimesema uongo mwingi maishani, nimemdanganya baba yako kuhusu bei ya vitambaa, nimemdanganya mchungaji kuhusu kufunga. Hakuna uongo unaonitia kinyaa kuliko ukweli ule wa neno moja.

Sikumuuzia ile, akataka nyingine za namna ile. Nikatafuta sufuria bovu, nikaweka mchanga na salfa na makaa machache chini, nikawa napika sarafu mchana watu wakiwa shambani. Zile za kwanza zilitoka nyeusi tii. Nikajifunza kupunguza moto. Unaikumbuka harufu ya mayai viza iliyokuwa ikitusumbua mwaka mzima? Baba yako alifukua karo mara mbili akitafuta panya aliyekufa, akaapa kwamba ni panya buku. Nami nilisimama pembeni yake nikimshikia koleo. La kuvunda halina ubani, na mimi ni mtoto wa mtunza chetezo, nilipaswa kulijua hilo kabla ya wote.

Kisha wewe ukakua, ukapata simu, ukapiga picha sarafu zangu ukaziweka kwenye lile kundi la mtandaoni la wapenda sarafu. Bwana Eliakimu, mwenye duka la sarafu huko Arusha, akapiga. Akasema mama yako ana jicho, hajapata kuona rangi za namna ile zikitoka kusini. Akataka uende, ukae dukani kwake, uwaeleze wageni kila sarafu imetoka wapi na ililala ndani ya nini. Nikakuona ulivyofurahi. Ulimkumbatia baba yako mpaka kofia ikamdondoka. Nikasema nitakuambia kesho. Kesho hiyo imepita wiki sita.

Juzi nilikuwa naanua nguo, nikakusikia nyuma ya nyumba unafanya mazoezi. Umesimama wima, mikono nyuma, unaieleza mikorosho: "Rupia hii ililala ndani ya kibuyu cha bibi mmoja wa Lupaso, mheshimiwa, tangu enzi za Mdachi." Kibuyu hicho ni kile tunachowekea mbegu za maboga. Habari ile nilikupa mimi. Ulikuwa unaisema vizuri, kwa sauti ya mtu mwaminifu, kwa sababu wewe unaiamini. Hapo ndipo nilipojiona mzima mzima, na sikupenda nilichokiona. Nimezipika sarafu, sawa. Lakini sasa nimekupika na wewe, na wewe umeiva bila kujua kuwa uko motoni.

Sasa sikiliza. Ndani ya kopo zilikuwa sarafu saba. Leo utakuta sita. Tano kati ya hizo zimetoka ndani ya sufuria langu. Ni zile nzuri, Daudi, zile ulizozipiga picha, zenye bluu inayoruka macho. Zitazame tena utajua. Rangi ya kweli huanza ukingoni na kutembea polepole kuja katikati, tena ina haya, huioni mpaka uinamishe sarafu. Rangi yangu imekaa juu juu, imerukia katikati, kila mahali inapiga kelele. Na ukizipasha moto kwa viganja halafu ukanusa, utamsikia baba yako akipulizia mikorosho.

Ya sita ndiyo ya kweli, nayo ni ile shilingi ya simba uliyoicheka, ukasema imeungua. Niliipata kwenye sanduku la mama yangu alipofariki, imefungwa ndani ya kipande cha nguo ya ubatizo ya mtoto wake wa kwanza, yule ambaye hakukaa. Wewe hukuwahi kusikia habari zake na mimi nilizisikia mara moja tu. Mama aliyesugua kila kitu mpaka vipini vya vijiko, hii hakuigusa. Sikujua kwa nini mpaka Makote. Iinamishe kwenye dirisha, upande wa simba, utaona nyuzi.

Ya saba ni rupia ya Bibi Somoe. Hiyo nimeitoa, na nakuambia nimeitoa. Nimeishona ndani ya pindo la kaniki yangu mwenyewe, na kaniki nimeiweka kwenye sanduku langu. Haitarudi kuwa ile ya mwanzo, sijidanganyi. Lakini na ilale. Mjukuu wako akiifumua akakuta kitu, amekuta. Akikosa, amekosa.

Zile tano nilitaka kuzitupa chooni leo mchana. Nilikwenda hadi mlangoni nimezishika. Halafu nikajiuliza, ningefanya nini hapo? Ningekuwa nimekusafishia begi, umepanda basi la alfajiri la Masasi unang'aa, hujui lolote, na unaendelea kumwambia Bwana Eliakimu kwamba mama yako ana jicho. Ni bibo na majivu yale yale. Nikazirudisha ndani ya kopo. Begi ni lako na safari ni yako. Ukitaka kwenda kumweleza, nenda. Ukitaka kuahirisha, chumba chako hakijapewa mtu, na baba yako atafurahi hata kama atajifanya amekasirika. Ukitaka kunikasirikia mimi, nikasirikie, ila usilale njaa kwa ajili hiyo.

Ninaogopa jambo moja, nalisema wazi. Naogopa utanionea huruma. Nakujua, wewe ni wa kufunika. Ulipokuwa darasa la tatu ulisema ni wewe uliyevunja chupa ya mafuta ya taa, kumbe alikuwa binamu yako, ukachapwa wewe. Utamwambia Bwana Eliakimu kwamba mama alidanganywa na wanunuzi, kwamba mama hakusoma, kwamba mama alikuwa na shida. Sikuwa na shida. Tulikuwa tunakula. Nilipenda kusifiwa, hilo tu, na salfa ilikuwa karibu.

Barua hii naiweka ndani ya kopo, juu ya sarafu, ili usiweze kuzifikia kabla ya kunisoma. Kopo naliacha juu ya mto wako, ulifungue leo usiku. Nitakuamsha mapema, nitakupikia chai, na sitasema kitu mpaka wewe useme.

Bwana Eliakimu akikuuliza mama yako ni mtu wa namna gani, nishike ukingoni, niinamishe kwenye mwanga, mwache aone alama zote zilizomo. Lakini tafadhali, mwanangu, usinisugue.

Mama yako